Kwa Bi Fundi: Gemu Likikwama, Usikimbilie Kununua Bando

Ramadhani ikimalizika huwa najua barua zitakazonijia. Vijana wamecheza gemu kutoka tarawehe mpaka daku, mwezi mzima, na kila kasoro iliyokuwa imelala ndani ya simu na mashine zao imeamka. Mwaka huu kilio ni kimoja: gemu linakwama. Nimechagua barua sita. Nyengine zilikuwa ndefu, nimezipunguza, wenyewe mtanisamehe.

Assalamu alaykum Bi Fundi. Nacheza mpira kwenye simu, mtandaoni. Kipindi cha kwanza simu iko vizuri, cha pili mchezo unaanza kukwama, hasa nikiingia kwenye boksi la mpinzani. Nimebadilisha laini mara mbili na sasa nanunua bando kubwa, lakini wapi! Rafiki yangu kanambia niweke simu kwenye friji kabla ya mechi. Nimefanya, inasaidia kidogo. Ni mtandao wa huku Pemba au ni nini? — Kijana wa Machomane, Chake Chake

Waalaykumu salaam mwanangu. Kwanza itoe hiyo simu kwenye friji, kisha tuendelee.

Kukwama kuko kwa namna mbili, na nyote mnaziita jina moja, "lagi". Ya kwanza ni ya mtandao. Hapo picha inakwenda laini kabisa, lakini mambo hayana akili: mpira unarudi ulikotoka, beki anakutokea mbele kama jini, umepiga pasi na pasi haikupigwa. Ya pili ni ya simu yenyewe. Hapo mambo yana akili, ila picha inakwenda kwa kushtukashtuka, na mara nyingi sauti ya mtangazaji inaendelea kama kawaida huku wachezaji wamesimama. Kuzijua ni rahisi. Zima data, cheza na kompyuta peke yako dakika ishirini. Ikiwa bado inakwama, bando halina kosa, na pesa zako umewapa watu bure.

Yako mimi naitambua hata bila ya kuiona, ni ya pili. Gemu si filamu iliyokwisha kupigwa. Simu inachora kila picha papo hapo: nyasi, jezi, kivuli cha kipa, watazamaji nyuma ya goli. Picha moja tunaiita fremu. Ikichora fremu 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16 na kitu za kuwa tayari. Ikichora 30, ina 33. Ndani ya boksi ndiko kuliko na watu wengi, simu haiwahi kumaliza kuchora, basi fremu ya nyuma inabaki pale pale kwenye kioo ikimngoja mwenziwe.

Chukua penalti. Mpira wa kilomita 100 kwa saa unafika golini, mita 11, kwa kama sekunde 0.4. Kwa fremu 60 utauona njiani mara 24. Kwa 30 utauona mara 12. Simu ikizidiwa ikashuka mpaka 15, utauona mara sita tu, na baina ya picha moja na ya pili mpira umesharuka karibu mita mbili. Unamtukana kipa wako bure. Na kidole chako nacho kiko kwenye foleni hiyo hiyo: umebonyeza sasa hivi, lakini simu haitakuonesha ulichofanya mpaka imalize fremu iliyoko mkononi. Ndiyo maana mchezo wa fremu chache unauhisi mkononi kabla hata ya kuuona kwa macho. Unakuwa mzito, kama unatembea kwenye maji ya magotini.

Sasa kwa nini kipindi cha kwanza ni kizuri? Joto. Prosesa, yaani ubongo wa simu, ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Friji inasaidia kwa sababu hiyo, rafiki yako hakukosea hesabu. Amekosea dawa. Chupa ya soda ukiitoa kwenye friji kwenye hewa yetu hii ya bahari, baada ya dakika moja imeshatoka jasho. Simu nayo inatoka jasho, ila lake liko ndani ambako hulioni. Nimefungua simu moja mwezi uliopita, mahali pa kuchomekea chaji pameota kutu ya kijani kama senti ya zamani iliyookotwa ufukweni. Mwenyewe ananiapia haijaingia maji.

Vua kava unapocheza. Usicheze huku umechomeka chaji, kwani kuchaji peke yake kunatia moto. Kaa penye feni. Halafu ingia kwenye setingi za gemu, punguza ukali wa picha, na pale penye kuchagua fremu 30 au 60, weka 30.

Najua utasema: Bi Fundi, umenihubiria 60 halafu unaniambia 30? Ndiyo. Simu yako haina 60. Ina 60 inayoanguka 40, inapanda 55, inaanguka 22. Umewahi kukaa kwenye kidumbak? Mpigaji akienda polepole lakini sawasawa, wanawake watacheza mpaka alfajiri. Akienda mbio na kila mara akapoteza pigo, watakaa chini mmoja mmoja. Mkono wa mchezaji wa gemu ni hivyo hivyo. Unaizoea 30 iliyotulia kwa siku mbili. Inayorukaruka huizoei maisha.

Bi Fundi, kaka yangu anasema jicho la mwanaadamu haliwezi kuona zaidi ya picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo 60 ni ujanja wa kuuzia TV. Kweli? — Mwanafunzi, Kiembesamaki

Mwambie kaka yako, kwa adabu, kwamba 24 ni hesabu ya sinema. Filamu za sauti zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, watengenezaji walitaka kasi moja inayotosha kwa sauti isikike vizuri bila ya kula mkanda mwingi, wakasimama hapo. Na ukumbini kila picha ilimulikwa zaidi ya mara moja ili isimetemete. Tena sinema unaitazama tu, huiendeshi.

Usiku washa taa ya LED ya bei rahisi, kamata penseli nyeupe, ipeperushe mbele yako haraka. Ukiona penseli nyingi zimepangana kama meno ya kitana, taa hiyo inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na jicho lako limeligundua jambo hilo bila ya kusoma kitabu.

Nina banda la gemu Mwanakwerekwe, PS3 nne. TV tatu ni za chogo, moja nimenunua mpya, inchi 55, kwenye kasha imeandikwa 120. Nilidhani watoto wataigombania. Wanagombania ya chogo! Kwenye TV mpya wanasema pedi ni nzito. Nimeshabadilisha pedi mbili. — Mwenye banda

Pole ndugu yangu, na usinunue ya tatu. Nakwambia kwa sababu mimi niliinunua ya tatu. Mwaka juzi kaka yangu, mwenye banda kama lako, aliniletea malalamiko haya haya, nikajiona fundi, nikasema "pedi hizi ni za kopi", nikabadilisha moja, mbili, tatu. Siku ya nne nikakaa chini nikafikiri.

Simu yangu inaweza kupiga video ya polepole, picha 240 kwa sekunde. Nikaiegemeza kwenye mkebe wa kahawa, kidole cha mpwa wangu na kioo cha TV vyote vikaonekana pamoja. Nikamwambia: piga shuti. Halafu tukaiangalia video picha moja moja, tangu kidole kinagusa kitufe mpaka mguu wa mchezaji unatikisika, tukihesabu kwa sauti kama watoto wa chuoni. TV mpya: picha 43. Kila picha ni kama milisekunde nne, kwa hiyo ni karibu milisekunde 180. Nikahamishia mashine ile ile, pedi ile ile, kwenye TV ya chogo ya marehemu baba: picha 19. Milisekunde 79. Mpwa wangu akacheka, akasema, "Shangazi, baba alikuwa hajadanganya."

Kwa hiyo mashine inachora sawasawa, na TV ndiyo inayochelewesha. Hiyo 120 kwenye kasha ni mara ngapi kioo kinaweza kujibadilisha. PS3 haitoi zaidi ya 60, basi TV inabuni zilizobaki. Inachukua fremu ya kwanza na ya pili, inatengeneza ya uongo ya katikati. Lakini TV haijui mpira unakwenda wapi mpaka iione ya pili, kwa hiyo inaizuia ya kwanza, inangoja. Juu yake inasafisha rangi, inakoleza kingo, inapamba. Kwa tamthilia haidhuru, mume akigundua siri baada ya sehemu ya kumi ya sekunde hakuna atakayelalamika. Kwa mtoto aliyelipa pesa yake kupiga penalti, umemla.

TV ya chogo haina akili hizo. Kinachoingia nyuma kinatoka mbele pale pale.

Ingia kwenye menyu ya picha, tafuta modi ya gemu, iwashe. Kisha tafuta kile kitu cha kulainisha mwendo, kizime. Kila kampuni imekipa jina lake la kujipamba, lakini utakijua: ukikizima, tamthilia zinaacha kuonekana kama video ya harusi. Mimi nilipofanya hivyo, 43 ikawa 25. Haikufika 19, lakini wateja walinyamaza.

Na kama bado wanasema inakwama kwa kushtuka, hiyo sasa ni mashine. PS3 za mwanzo zilitoka 2006. Hizo zako zimekula vumbi la Mwanakwerekwe miaka mingapi? Dawa ya joto baina ya prosesa na chuma chake huwa imekauka kama gundi ya skuli. Mpe fundi azifungue, asipulize tu kwa mdomo.

Mwanangu ana miaka kumi na tatu. Anacheza kwenye laptop ya mjomba wake gemu la kukimbia na kupiga bunduki, lile unaloona mikono tu mbele. Baada ya nusu saa anasema kichwa kinamzunguka na anataka kutapika. Akicheza mpira haumwi. Bibi yake anasema kuna mtu kamtia jicho. — Mama wa wawili, Bububu

Bibi muheshimuni, na dua haijakatazwa. Lakini wewe mwenyewe umeshatoa jibu: mpira haumuumizi.

Umewahi kwenda Pemba kwa boti wakati wa kusi? Waliokaa ndani wanaumwa zaidi kuliko waliosimama nje kwenye upepo. Sikio la ndani linasema tunayumba, jicho linaona viti vimetulia, na mwili unapopewa habari mbili zisizopatana unaanza na tumbo. Gemu la namna hiyo ni boti kinyumenyume. Jicho linaambiwa tunakimbia na kugeuka, huku mtoto amekaa kitako kwenye mkeka. Kwenye mpira kamera iko mbali juu, hakuna anayegeuzwa kichwa.

Fremu chache zinaongeza balaa. Laptop ya kazi za ofisi, isiyo na kadi ya picha ya maana, pengine inatoa 20 kwa sekunde kwenye gemu kama hilo. Mtoto akigeuza kipanya, dunia inageuka baada ya muda, tena kwa vipande. Wanaotengeneza miwani ya uhalisia pepe walilijua hili vizuri. Ile Oculus Rift ya 2016 ilifanywa ya fremu 90 kwa sekunde, kwa sababu chini ya hapo watu wengi wanaumwa.

Mwambie mjomba ashushe ukali wa picha mpaka gemu liende laini, hata kama miti itakuwa mibaya. Azime ule ukungu wa mwendo unaotiwa makusudi. Apanue upana wa kuona kwenye setingi, maana kuona kupitia tundu jembamba kunaongeza kizunguzungu. Taa ya chumbani iwe inawaka na mtoto akae mbali kidogo. Akianza kuhisi tu, aache. Akilazimisha, kesho ataumwa mapema zaidi. Nimeona vijana wakijikaza kiume mpaka wakatapika juu ya kibodi, na kibodi ile nikaisafisha mimi.

Ila ukimuona amekodoa macho hasikii anapoitwa, au ameanguka akitetemeka, usiniandikie mimi. Mpeleke hospitali.

Umeme ukiwa mdogo, gemu linakuwa zito? — Nungwi

Kwa mashine ya gemu, hapana. Pawa saplai inaugeuza umeme kuwa wa kiwango kimoja. Ukishuka mno, mashine inazima, haipungui fremu. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima ilipokaa kiza miezi mitatu, tulichezesha gemu kwa jenereta ya petroli iliyokuwa ikikohoa. Taa inafifia, feni inapungua, TV inajikunja pembeni, lakini mechi inakwenda kasi ile ile. Laptop ndiyo tofauti. Ukiichomoa kwenye umeme inajibania yenyewe ili betri idumu, na gemu lililokuwa 60 unaliona 30. Wengi wananiletea laptop mbovu ambayo haina ubovu wowote, walikuwa wanachezea barazani.

Sisi zamani tulicheza vitu vinavyokwenda kama kobe na tukafurahi. Leo mnawadekeza watoto, fremu, fremu. — Mzee wa Makunduchi

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli, tena hujui ukweli wenyewe ulivyo mkubwa.

Televisheni ya rangi sisi Wazanzibari tuliipata miaka ya 1970, wenzetu wa Bara wakasubiri mpaka miaka ya 1990, na baba yangu alikula mkate wake kwa kuzitengeneza TV hizo. Mfumo wetu ulikuwa PAL, wa Ulaya, ambao kioo kinapigwa mara 50 kwa sekunde. Japani na Marekani walikuwa na 60. Magemu mengi yalitengenezwa huko kwa hesabu ya 60, kisha yakaletwa kwenye soko la PAL bila ya kurekebishwa. Mimi nilikuwa na Mega Drive, mashine ya gemu aliyoniletea mjomba kutoka Uingereza, na Sonic ya 1991, gemu la mnyama anayekwenda mbio. Nimecheza miaka nikidhani yule mnyama anakimbia. Alikuwa anakimbia pungufu kwa sehemu moja ya sita, na muziki wake vile vile. Kilichomchukua mtoto wa Tokyo sekunde 60, mimi kilinichukua 72. Nilipokuja kuisikia nyimbo yake kwa kasi ya asili, ukubwani, nilihisi nimeibiwa utoto. Halafu nikaizima nikarudia ya kwangu.

Na kuna pahala uzito wa mashine ulizaa mchezo. Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders, gemu la kulipiga risasi jeshi la maadui lililotoka 1978, mashine yake iliweza kumsogeza adui mmoja tu kwa kila fremu. Maadui walikuwa 55. Wote wakiwa hai, hatua moja ya jeshi zima inakula karibu sekunde nzima. Ukiwaua, foleni inapungua, waliobaki wanakwenda mbio, na yule wa mwisho anakimbia kama kuku aliyeponyoka kisu. Nishikado akaona inasisimua, akaiacha hivyo.

Lakini angalia, mzee: jeshi lile lilikwenda polepole kwa mpango, hatua zake unazijua. Kijana wa Machomane simu yake inamsaliti bila ya kumpa taarifa. Hamlingani.

Kama ile mashine yako ya zamani bado unayo, usiitupe, hata kama haiwaki. Niletee Kikwajuni. Kapasita nitakubadilishia bure, na TV ya chogo ya baba ipo. Sharti langu ni moja, mchezo wa kwanza tunacheza mimi na wewe, na pedi nzuri naishika mimi.